Kuichagua Pete ya Uchumba kwa Mkono Utakaoivaa

Aendaye kwa sonara kununua pete ya uchumba aghalabu hutangulia kukitazama kito, na akiisha kutekwa na mng'ao wake husahau kujiuliza ni mkono wa nani utakaokichukua kutwa kucha. Ilhali mimi nashikilia kwamba mkono ndio hakimu wa kwanza, na kwamba pete isiyopatana na umbo, kazi na mapenzi ya mwenye kuivaa, hata ingalikuwa ya thamani kubwa, mwisho wake ni sandukuni. Mkufu wa harusi huvaliwa siku za shangwe ukarudishwa kufungiwa; pete hii huingia jikoni, hukuna nazi, hushika chaki, hufua, humbeba mtoto. Basi mposaji na amtazame mchumba wake namna ajipambavyo bila kushurutishwa na mtu, au awaulize kwa adabu shangazi na dada za binti, wao ndio wajuzi wa mambo hayo. Aliyezoea mikono yenye hina na bangili nene, pete nyembamba ya dhahabu nyeupe itampotea. Na yule ambaye hajapata kuvaa ila vipuli vidogo vya fedha, ni dhuluma kumtwika jiwe kubwa linalomtangulia kila aingiapo. Vidole vifupi hupendezwa na kito cha umbo la yai kilicholazwa kufuata urefu wa kidole, na vidole virefu vyembamba huistahimili pete pana na kito cha mraba.

Baada ya hayo ndipo kije kito, na hapa sisi watu wa Afrika ya Mashariki tumeruzukiwa neema kubwa ambayo wengi wetu hatujaifahamu vema. Tanzaniti, iliyogunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mererani, haichimbwi mahali pengine popote duniani, na buluu yake igeukayo urujuani ukiipindua mwangani haina mfano. Lakini katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ina 10 na yakuti 9, tanzaniti haizidi 7, na mara nyingi haifiki hapo. Vumbi la njiani na la majumbani limechanganyika na chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7, hata mtu akiifuta pete yake kwa upindo wa kanga huwa anaikwaruza asijue. Fauka ya hayo, pigo moja la ukingo wa meza laweza kuipasua. Kwa hiyo nampendekezea tanzaniti mwenye kutaka kidani au herini, na katika pete nampa yule tu aliye tayari kuivua kila ashikapo kazi. Karibu tanzaniti zote hupashwa moto ili ile rangi ya hudhurungi iondoke, wala hiyo si hadaa, maadamu muuzaji halifichi jambo hilo. Tsavoriti ya kijani, ya Tanzania kaskazini na ya Taita huko Kenya, ina ugumu wa 7 na kitu, nayo kwa desturi haichomwi moto wala haitiwi mafuta, tofauti na zumaridi, ambayo nyufa zake husitiriwa kwa mafuta. Lakini mkono wa mwuguzi, wa mwalimu, wa mpishi, mimi ningeuvika yakuti ya bonde la Umba, kule Tanga, yenye rangi nyingi za kuchagua na ugumu usioliogopa vumbi.

Mchongo ndio unaotofautisha kito chema na kito kizito. Ile almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui, huko Shinyanga, aliyotunukiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, ilikuwa na karati 54.5 ilipotolewa ardhini, na ilipomaliza kuchongwa ilibaki na karati 23.6 tu: fundi alikubali kupoteza zaidi ya nusu ili apate nuru. Fundi bakhili hufanya kinyume. Huliacha tumbo la kito likivimba chini, mahali lisipoonekana, nawe ukalipia uzito usio na uzuri, au hukichonga juujuu hata katikati pakawa peupe kama dirisha. Kiweke kito cha rangi juu ya maandishi ukitazame kutoka juu. Ukiweza kuzisoma herufi kupitia moyo wake, nuru inapita bila kurudi. Kisha ukitoe nje ya taa za duka, ukione kivulini, maana taa hizo zimetundikwa ili kila kitu kimeremete.

Sasa igeuze pete, kwa kuwa uaminifu wa sonara umo upande wa nyuma. Ndani pawe pamesuguliwa sawa na nje, pasiwe na matone ya lehemu wala vitundu. Kucha zishikazo kito ziwe na urefu mmoja na zilale juu yake barabara. Pitisha kitambaa cha hariri: uzi wake ukinaswa, ukucha umeinuka. Itikise karibu na sikio: kito kikilia, kimelegea. Mtindo wa kucha sita, ulioletwa na Tiffany wa New York mwaka 1886, hukiinua kito juu kikapokea nuru pande zote, nao ni mzuri mno, ila hunasa buibui na nywele za watoto. Mkono usiotulia heri upewe kito kilichozungushiwa ukingo wa dhahabu.

Dhahabu ya karati 22, yenye chapa 916, ndiyo ipendwayo Pwani kwa wekundu wake, lakini kucha zake hulegea upesi. Iache iwe ya bangili, na pete yenye kito iwe ya 18, yenye chapa 750. Dhahabu nyeupe hupakwa metali nyeupe iitwayo rodi, na rodi huchakaa, ikabidi ipakwe tena.

Kidole kipimwe jioni, kimekwisha kuvimba kwa joto la mchana, na pete ipite kwenye fundo kwa shida kidogo. Wala usinunue iliyozungukwa na vito pande zote kabla hujawa na yakini ya kipimo, kwani haipanuliki. Na sonara akikataa kukutengea bei ya dhahabu kwa uzani wake, ya kito, na ujira wa mkono wake, muage kwa heshima ukatafute mwingine.