Farasi Aliyemtangulia Malkia

Watu wanaposimulia mchezo wa sataranji ulioingia katika tarikhi kwa jina la Mchezo wa Karne, husimulia malkia aliyetolewa kafara katika mwendo wa 17, na ni haki yao, kwani Bobby Fischer alikuwa kijana wa miaka 13 tu alipomkabili Donald Byrne katika klabu ya Marshall, New York, tarehe 17 Oktoba 1956, miezi michache baada ya kutwaa ubingwa wa vijana wa Marekani. Lakini kwa rai yangu, thamani ya malkia yule ilikwisha kulipwa zamani, na atakaye kuujua ufundi wenyewe aanzie kwenye ufunguzi.

Mchezo uliingia katika kinga ya Grünfeld, iitwayo kwa jina la bingwa wa Austria aliyeileta mashindanoni mwaka 1922, ambayo muradi wake ni kumwachia mweupe atamalaki katikati ya ubao kwa vitunda vyake, kisha kuishambulia dola hiyo kutoka pembeni. Fischer, mwenye kete nyeusi, alikwisha kumhifadhi mfalme wake pembeni katika mwendo wa 4. Wa Byrne alikuwa angali katikati hata mwendo wa 11, na badala ya kumtafutia sitara, Byrne akamsogeza mara ya pili askofu aliyekwisha kutoka, sasa hadi g5.

Hapo farasi mweusi akarukia a4, ukingoni kabisa, mahali anapoonekana kuliwa bure. Lakini mlaji wake angalikuwa farasi wa c3, naye ndiye mlinzi wa kitunda cha e4. Angaliondoka, farasi wa pili wa Fischer angalikila kitunda hicho na kuwatisha malkia na askofu kwa pamoja. Byrne akaliona hilo, akamwondoa malkia. Kitunda hakikusalimika, na ilipofika mwendo wa 14 mstari wote wa e ulikuwa wazi mbele ya mfalme wake.

Basi Fischer alipomrudisha askofu e6 na kumwacha malkia aliwe, Byrne hakuwa na la heri: angalimla askofu, mfalme wake angalifungwa na farasi, amezibwa na kete zake mwenyewe. Akamla malkia. Farasi akaenda na kurudi, e2, d4, e2, c3, akimtisha mfalme mara yeye mwenyewe, mara kwa kumfunulia njia askofu aliye nyuma yake, hata Fischer akapata ngome, maaskofu wawili na kitunda. Ngome ya pili ya Byrne, iliyofungiwa h1 tangu mwanzo, haikutoka ila katika mwendo wa 28, na ilipotoka ikaliwa papo hapo.