Sifa za Kiungo Pepe

Miongoni mwa kazi za ufundi zisizoonekana kwa macho wala kusifiwa barazani, iko moja ninayoistahi kupita nyingi, nayo ni ya kuliunga eneo la mtandao lililotengana na uti wake wa mgongo, bila ya kuvuta waya hata mmoja.

Itifaki ya OSPF, ambayo toleo lake la pili lilielezwa na John Moy katika waraka wa RFC 2328 wa Aprili 1998, imeweka sharti kwamba mtandao ukigawanywa, kila eneo lishikamane na eneo sifuri, ndilo uti wa mgongo, na habari za njia baina ya maeneo zipitie humo tu, kwa kuwa ruta za mpakani zikipeana habari hizo kiholela, pakiti huweza kuzunguka pasipo kufika. Hata hivyo, aghalabu taasisi mbili huungana, au tawi hufunguliwa nyuma ya tawi jingine, na eneo la pili likawa linapakana na la kwanza peke yake, ilhali sifuri iko ng'ambo.

Hapo fundi huunda kiungo pepe: huandika, katika ruta ya mpakani iliyo upande wa sifuri, namba ya eneo litakalopitiwa na kitambulisho cha ruta ya upande wa pili; na kule huandika vivyo hivyo, kwani kiungo kilichoandikwa upande mmoja hakisimami. Na ikiwa sifuri inalindwa kwa nywila, kiungo nacho huidai, madhali ni sehemu ya sifuri ijapokuwa kimepita katika eneo jingine.

Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba kiungo hiki hubeba mazungumzo ya ruta tu. Pakiti za watu hupita wazi katika ruta za eneo la kati, na kila ruta huamua yenyewe njia iliyo fupi. Ndiyo maana eneo hilo halifai kuwa lile lililofungiwa habari za njia za nje. Wala gharama ya kiungo haipangwi na mtu: ni gharama ya njia halisi iliyo chini yake, nayo ikizidi 65,535, kiungo huhesabiwa kuwa hakipo.

Wapo wanaokiita kiraka, nami nakiri kwamba waya halisi hadi sifuri ni bora. Basi ewe fundi, ukikiweka, andika katika daftari la mtandao vitambulisho vyote viwili na sababu iliyokulazimu, ili atakayerithi kazi yako asikifute kwa kutojua.