Dagaa Hawasubiri

Kibirizi, kilomita chache kaskazini mwa stesheni ya Kigoma, biashara hufunguliwa jua likiwa bado nyuma ya vilima. Mitumbwi iliyokesha ziwani huingia mmoja baada ya mwingine, taa zimezimwa, wavuvi wamejikunyata ndani ya makoti yaliyolowa. Dagaa waliomo bado wanang'aa kwa rangi ya fedha. Ni samaki wadogo, wana mafuta, na joto la Kigoma huwaharibu upesi: wakikaa kwenye beseni hadi adhuhuri, matumbo yanapasuka, rangi inafifia, na mzigo uliokuwa wa daraja la kwanza unaishia kuwa chakula cha kuku. Mama anayewanunua hana nafasi ya kwenda benki, wala ya kusubiri bei ishuke, wala ya kuandikiana mkataba na mtu. Nafasi aliyonayo ni ya kumwita tajiri wa chombo, kutaja ndoo anazozitaka, na kwenda kuanika.

Anayetaka kuelewa jinsi biashara ndogo inavyosimama aende akawatazame akina mama hawa wa Kibirizi na wenzao wa Katonga. Vitabu vya ujasiriamali huanza na mtaji. Huku mwaloni mtaji una nafasi yake, lakini wengi wanaoutafuta huupata kwa sababu kuna mtu aliyekwisha kuwatazama wakifanya kazi, akaona wanavyoamka, wanavyoanika, wanavyolipa. Kuaminika kwao kumetengenezwa kwa mikono, na ndiyo maana kazi yao inastahili kuitwa ustadi kama ule wa fundi wa mtumbwi au mfua chuma.

Kalenda ya ustadi huo ni mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni na matete juu ya mitumbwi, wakawachota dagaa kwa nyavu za mpini. Kuanzia miaka ya 1950 zikaingia karabai, pamoja na mtindo wa kuunganisha mitumbwi miwili na kuinua wavu kati yake. Sasa karabai nazo zinaipisha njia taa za betri na za jua. Chombo kimebadilika, kanuni imebaki: vijidudu vya majini hufuata mwanga, dagaa huvifuata vijidudu, na yote hayo yanahitaji giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa hupoteza nguvu yake. Vyombo hupandishwa ufukweni, nyavu hushonwa, mitumbwi huzibwa nyufa, na kwa siku kadhaa mwalo unapumua.

Siku hizo za mbalamwezi ndizo za hesabu. Aliyechukua mzigo gizani bila kulipa hulipa sasa, tajiri naye hugawana na wavuvi wake, na aliyekopeshwa mafuta ya injini hurudisha. Mchuuzi mzoefu hujua kwamba siku ya pili ya mapumziko haifai kupita hajaonekana kwa tajiri, hata kama mkononi ana nusu tu ya deni. Huenda, husalimia, hutoa alichonacho, na husema lini ataleta kilichobaki. Anayejificha nyumbani kwa aibu ya kukosa fedha hufanya kosa kubwa kuliko kukosa fedha. Giza likirudi atakuta ndoo zake zimekwisha kutajwa kwa jina la mwingine.

Halafu kuna kazi yenyewe ya kuanika, ambayo mpita njia huiona rahisi. Kwa miaka mingi dagaa walimwagwa juu ya mchanga au changarawe, wakakauka pamoja na kila kilichokuwepo pale. Anayejali mzigo wake hutumia kichanja: meza ya miti yenye nyavu juu, iliyoinuka kiasi cha kiuno, upepo ukipita juu na chini. Dagaa hutandazwa tabaka moja, wasilaliane mmoja juu ya mwenzake, maana palipolaliana hubaki unyevu, na penye unyevu huanza funza. Mkono hupita mara kwa mara ukiwageuza kwa wepesi ili vichwa visivunjike. Mchana mama huchukua dagaa mmoja kutoka katikati ya kichanja, si pembeni ambako hukauka haraka, na kumkunja. Akipinda, bado. Akikatika kwa mlio, yuko tayari.

Hata hapo hatiwi guniani. Dagaa aliyetoka juani akifungiwa akiwa na moto hutoa jasho ndani ya gunia, na kabla treni haijafika Tabora ukungu umeshaanza. Kwa hiyo anaanuliwa, anapelekwa kivulini, anaachwa apoe, anachambuliwa, ndipo gunia linashonwa kwa shazia. Masaa mawili hayo ya kungoja jioni, wakati wote wana njaa na mnunuzi anapiga simu, ndiyo yanayomtenganisha mama mwenye wateja wa miaka na mama anayetafuta mteja mpya kila msimu. Ni nidhamu ambayo hakuna anayeiona inapofanyika. Mnunuzi wa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, huiona wiki moja baadaye anapolifungua gunia, kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko na kuleta juu dagaa wa chini kabisa. Wakifanana na wa juu, hatazamisha mkono tena kwenye magunia yenye jina lile.

Masika huwa na taabu zake. Mvua ya Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na huendelea hadi Aprili au Mei, na wingu moja la saa nane mchana laweza kumaliza mtaji wa mwezi. Wakati huo ndipo ujirani wa vichanja unapoonekana thamani yake. Mvua ikitishia, anayewahi turubai hufunika cha kwake kisha hukimbilia cha jirani, awepo mwenyewe au asiwepo. Hakuna anayeandika nani alimfunikia nani. Lakini kila mmoja anakumbuka, na aliyekaa kimya mvua ikinyeshea dagaa wa mwenzake hulijua hilo siku atakapokuwa hospitali na mtoto, mzigo wake ukiwa juani.

Pwani hii imezoea biashara ya watu wasiofahamiana. Wengi huijua Ujiji kwa sababu ya Stanley na Livingstone kukutana pale mwaka 1871, ingawa soko la mji huo lina mengi zaidi ya kumfundisha mfanyabiashara. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1874, alilikuta soko lenye samaki, mafuta ya mawese na bidhaa za pande zote za ziwa, likiendeshwa kwa shanga zilizoitwa sofi. Alieleza kwamba asubuhi walikuwepo watu wenye mikoba iliyojaa shanga hizo, wakiwabadilishia waliotaka kununua. Soko lilipokwisha, watu walewale walizichukua tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Kilichowawezesha kufanya hivyo ni kuwepo pale kila siku. Muuzaji aliyevuka ziwa kwa mtumbwi asingekubali kulipwa vipande vya kioo kama asingekuwa na hakika kwamba jioni mwenye mkoba atakuwa palepale, na atavipokea kwa kiwango kinachojulikana.

Leo shanga hazipo, na mkoba umehamia kwenye simu. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ilipofuata, mama wa Katonga hana haja ya kupanda treni na magunia yake ili arudi na noti zimefungwa kiunoni. Hutuma mzigo, mnunuzi hutuma fedha. Hata hivyo sehemu kubwa ya biashara bado huenda kwa mali kauli: mzigo hutangulia, fedha hufuata ukishauzwa, na kati yake kuna neno la mtu tu. Wapo wanaoingia mitini. Kila mchuuzi mzoefu ana habari ya gunia lililokwenda mjini na simu ambayo haikupatikana tena. Wanachofanya baada ya hapo ndicho cha kujifunza. Hawaachi kukopeshana, kwa sababu bila mkopo dagaa wataoza, bali hupunguza kiasi. Mteja mpya hupewa gunia moja, akilipa kwa siku aliyoitaja hupewa mawili, na ngazi hiyo hupandwa kwa giza kadhaa kabla mtu hajatumiwa mzigo wa maana.

Daftari linasaidia. Wengi wa akina mama hawa wana daftari la shule lenye majina upande mmoja na ndoo, sado au magunia upande wa pili, na walio makini huandika palepale, mikono ikiwa na magamba, bila kungoja jioni. Kumbukumbu ya mtu hupendelea kudai kuliko kudaiwa, na urafiki mwingi wa biashara umevunjika kwa sado mbili ambazo kila upande ulizikumbuka kwa namna yake. Kumwonyesha mwenzako ukurasa na kuusoma pamoja naye kunamaliza ugomvi kabla haujazaliwa. Walio makini zaidi huweka ukurasa mwingine wa matumizi ya nyumbani, ili ada ya shule isichotwe kimyakimya kwenye fedha ya ndoo za kesho. Kula mtaji hutokea kidogo kidogo, na bila maandishi mtu hushtuka akiwa ameshaufikia mfupa.

Nidhamu hiyohiyo imejengwa ndani ya vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mtindo huu ulibuniwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaingia Tanzania kupitia Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavipa vikundi vya namna hii nafasi rasmi katika daraja la nne. Vikundi vingi hutunza fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake zikikaa kwa watu watatu tofauti, na mwanachama anayechelewa kikao hutozwa faini hata kama ni mwenyekiti. Faini yenyewe ni ndogo. Kazi yake ni kuwaonyesha wote kwamba muda una bei, jambo ambalo muuza dagaa analijua kuliko mtu yeyote.

Mwaka 2024 mazoea haya yalipimwa kwa kipimo kizito. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane, na upande wa Tanzania uvuvi ukasimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi mitatu bila mzigo mpya ni mizito kwa mtu ambaye chakula cha leo hutoka kwenye kichanja cha jana. Mwenye akiba ya kikoba alikuwa na pa kushikilia. Aliyeishi kwa kuazima giza hadi giza alibanwa mapema. Jambo moja halisemwi vya kutosha: mapumziko kama hayo humbana tajiri pia. Chombo kilicholala miezi mitatu kinahitaji kuzibwa, nyavu zinahitaji kushonwa, injini inahitaji mafuta, na mwenyewe hana samaki wa kuuza. Mchuuzi mwenye akiba anaweza kumtangulizia fedha, na tajiri akamlipa kwa dagaa wa usiku wa kwanza. Mkopo huenda pande zote mbili, na anayeonekana mdogo leo anaweza kuwa ndiye anayemwezesha mkubwa kesho.

Kupumzisha ziwa peke yake hakutoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yanazidi kupata joto, na hivyo virutubisho vya kilindini havipandi kama zamani. Hili ni ziwa lenye kina cha mita 1,470 hivi, la pili kwa kina duniani, na sehemu kubwa ya utajiri wake iko chini usikofikiwa na samaki. Dagaa wakipungua, kila ndoo inayooza kwa uzembe inakuwa hasara ya mwalo mzima. Jirani zao wa Burundi walionyesha njia. Kuanzia mwaka 2004, kwa msaada wa FAO, vichanja vilipochukua nafasi ya mchanga, muda wa kukausha ulishuka kutoka siku tatu hivi hadi saa nane, na bei ya dagaa safi ikapanda. Kichanja ni miti, misumari na wavu. Ugumu uko katika kumshawishi mtu atumie fedha leo kwa faida atakayoiona giza lijalo, na hapo jirani aliyekwisha kufanikiwa ana nguvu kuliko semina yoyote.

Ndivyo pia ujuzi unavyorithishwa. Msichana anayeanza hapewi ndoo. Hupewa ufagio wa kusafisha chini ya vichanja, halafu kazi ya kuchambua, halafu ya kugeuza, huku akimwita mwenye mzigo "mama" au "shangazi" hata kama hawana undugu. Baada ya miezi kadhaa shangazi humpeleka kwa tajiri alfajiri moja na kusema, "Huyu ni wangu, mpe ndoo moja, ikipotea nidai mimi." Siku hiyo binti ataanika mbele ya macho ya mwalo wote, na mbalamwezi ikifika atatakiwa kutangulia kwa tajiri kabla ya shangazi yake.