Misumari Kumi, Uzi Mmoja na Tebo ya Nne

Chukua kipande cha mbao cha duara. Gongelea misumari kumi pembeni yake kwa nafasi sawa, kisha andika namba 0 hadi 9, moja kwa kila msumari. Funga uzi kwenye 0, uanze tebo ya nne: 4, 8, 12, 16, 20. Kwa kila jibu, uzi unapelekwa kwenye tarakimu ya mwisho: 4, 8, 2, 6, halafu unarudi 0. Mtoto akiondoa mkono, mbaoni pana nyota ya pembe tano.

Akijaribu tebo ya sita, nyota ni ileile, ila uzi umezunguka kinyume: 6, 2, 8, 4, 0. Tebo ya tatu na ya saba hutoa nyota moja ya pembe kumi. Ya pili na ya nane, umbo la pande tano. Mwalimu hajataja kanuni yoyote, lakini mtoto ameshajionea kwamba namba mbili zinazojumlishwa kuwa 10 huchora umbo moja.

Zana hii hutumika katika shule za Waldorf, ambazo ni shule huru. Ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, baada ya Emil Molt, mwenye kiwanda cha sigara, kumwomba Rudolf Steiner awaanzishie shule watoto wa wafanyakazi wake. Afrika Mashariki zipo pia, kama Hekima ya Dar es Salaam na ile ya Mbagathi, Nairobi.

Siri ya shule hizi iko kwenye mpangilio. Asubuhi huanza na somo kuu la karibu saa mbili, na somo hilohilo huendelea kwa wiki tatu au nne kabla ya kupisha jingine. Watoto huanza kwa miguu: wanatembea na kupiga makofi, na kila hatua ya nne wanaikanyaga kwa kishindo. Kisha mikono inachora. Mwisho ndipo wanaandika, katika daftari ambalo mtoto hulipamba mwenyewe na ambalo hugeuka kuwa kitabu chake. Mwalimu wa darasa anaweza kupanda nalo hadi miaka 8, kwa hiyo anajua nani huelewa kwa sikio na nani mpaka ashike kitu.

Kwa mpangilio huo, sanaa ndiyo njia ambayo hesabu inapitia. Sisi wa Mkolani, Mwanza, hatupaswi kulishangaa hilo. Katika ngoma ya bugobogobo, Wasukuma huinua na kushusha majembe kwa mdundo wa ngoma. Shamba linalimwa na ngoma inachezwa kwa wakati mmoja. Wazee walijua kwamba mwili ulioshika mdundo hufanya kazi ndefu bila kuchoka upesi. Tebo nayo ni kazi ndefu.

Yapo yatakayotuwia magumu. Ada za shule huru haziko ndani ya uwezo wa kila mzazi, na saa mbili za somo moja haziingii kirahisi kwenye ratiba ya shule ya serikali. Mtaala mpya wa Tanzania, ulioanza kutumika Januari 2024, una somo la Sanaa na Michezo, na hilo ni jambo jema. Hofu yangu ni kwamba sanaa ikibaki kipindi cha peke yake, upimaji wa darasa la nne ukikaribia ndicho kitakachotolewa kwanza. Ikiingia ndani ya hisabati, hakuna wa kuiondoa.

Walimu wa kuifanya kazi hii tunaweza kuwapata. Chuo cha Ualimu Butimba, jirani yetu, kinajulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo. Wingi wa wanafunzi nao una dawa: chora duara kubwa uwanjani, simamisha watoto kumi kwenye namba zao, wengine wote wahesabu kwa makofi huku kamba ikirushwa kutoka mkono hadi mkono. Nyota itaonekana na darasa zima.

Mwalimu mwenzangu, chaki unayo, na kamba ya katani haikosekani. Kesho asubuhi watoe nje, uanze na tebo ya nne.