Weupe Unaoficha: Rangi ya Sungura wa California

Sungura wa California, anayefugwa sana hata huku kwetu, alianza kutengenezwa na George West huko California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1920. West alitaka sungura wa nyama mwenye manyoya mazito. Akachanganya Himalaya, mdogo wa kilo 2 hivi, na Chinchilla wa kijivu, kisha akaingiza majike ya New Zealand White ili apate mwili.

Mwili haukuwa na fumbo: unachagua wazito, unawapandisha, unarudia. Kazi ilikuwa kwenye rangi: mwili mweupe wenye madoa meusi puani, masikioni, miguuni na mkiani.

Jeni inayoitwa C ina sura kadhaa zinazopishana nguvu: rangi kamili juu, chinchilla chini yake, kisha himalaya, na albino mwisho. New Zealand White ana nakala mbili za albino, na weupe huo hufunika kila kitu. Ndani anaweza kubeba weusi, kahawia au rangi ya sungura mwitu, na mwenyewe usijue hadi wajukuu wazaliwe. Kwa hiyo West hakutafuta himalaya mbili tu. Ilibidi pia aiondoe rangi ya mwitu iliyoletwa na Chinchilla, maana ikibaki, madoa hayawi meusi sawasawa.

Sura ya himalaya hutoa kimeng'enya kisichostahimili joto. Kiwiliwili, kwa kuwa kina joto, hubaki cheupe. Pua, masikio, miguu na mkia, vinavyopoa, huwa vyeusi. Mnyoe mgongoni, umfunge barafu, na manyoya yatakayoota hapo yatakuja meusi. Ndiyo maana pia watoto huzaliwa weupe, madoa yakaanza kujitokeza baadaye, na waliopigwa baridi kiotani hupata ukungu wa kijivu unaoisha wakibadilisha manyoya.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, kwa maoni yangu. Wanakagua weusi wa pua, kumbe sungura yuleyule angefifia kwenye joto la Mombasa na kukolea kwenye baridi ya Nyeri. Chotara mwenye himalaya moja na albino moja kwa kawaida hupauka madoa, lakini akilelewa kwenye baridi anaweza kukudanganya.

Dume akikutia shaka, mpandishe kwa jike wa New Zealand White, usubiri wiki kadhaa madoa yatokeze. Kama ana himalaya mbili, kila mtoto atakuwa na madoa, hata kama ni hafifu. Kama ni chotara, karibu nusu watakuwa weupe kabisa. Mtoto mmoja mweupe pepepe anatosha kumfichua, ilimradi jike hakupandwa na dume mwingine. Wakiwa 8 na wote wana madoa, uwezekano kwamba dume ni chotara aliyebahatisha ni mdogo sana: chotara angeweza kuzaa hivyo mara 1 tu katika 256.