Boksi la Besi katika Bonde la Mpunga

Uwanja wa wazi ni mahali pagumu kupigia muziki. Ukumbini kuna kuta na dari. Sauti hugonga, hurudi, hujaza chumba. Nje inaondoka moja kwa moja. Na Bonde la Kilombero, Tanzania, ni nje kwelikweli: milima ya Udzungwa imesimama mbali upande wa kaskazini-magharibi, milima ya Mahenge iko mbali upande wa pili, na katikati ni tambarare ya mpunga, majani na maji ambayo tangu mwaka 2002 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia. Mji wa Ifakara umekaa humo. Harusi, kwaya na singeli hufanyika uani au kiwanjani, chini ya turubai, chini ya mwembe.

Ngoma za asili hazina shida na uwanja. Sangula ya Wapogoro ilizaliwa nje, na ngoma iliyowambwa vizuri haihitaji umeme ili jirani ajue kuna shughuli. Shida ilianza pale mwimbaji mmoja alipotaka maneno yake yasikike juu ya gitaa na kinanda, na umati wote uyaelewe. Hapo ndipo anapohitajika fundi wa spika, yule anayenunua koni, sumaku na mbao, kisha akaunda mwenyewe chombo cha kutosha uwanja. Fundi huyu anasifiwa kwa unafuu wa bei. Anastahili sifa kubwa zaidi: anatengeneza sauti kwa ajili ya mahali anapopajua.

Spika tupu, isiyo na boksi, ikiungwa kwenye amplifaya hutoa sauti nyembamba, hata iwe ya inchi 15. Koni inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo inavuta hewa nyuma. Mawimbi hayo mawili yanakutana pembeni na kuuana, na besi ndiyo hufa kwanza. Boksi kazi yake ni kuyatenganisha. Mbao zikiwa nyembamba, boksi lenyewe hutetemeka na kuingiza sauti yake kwenye wimbo wa watu, ndiyo maana mafundi hupenda plaiwudi nene ya milimita 18 na hukaza ndani kwa mihimili. Maungio yakivuja, hewa hupiga miluzi. Fundi huziba kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno, kisha besi ikiwa inapiga hupitisha kiganja kandokando ya boksi, akitafuta panapopumua. Tundu la mbele nalo si pambo: bomba lake likirefushwa, noti ya boksi hushuka, boksi likipunguzwa, hupanda. Neville Thiele wa Australia aliandika hesabu za mambo hayo mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza. Fundi asiyewahi kuziona hukaribia jibu lilelile kwa kukata bomba, kusikiliza, na kukata tena. Hata hivyo anayezijua huokoa mbao nyingi, na vyuo vya ufundi vingefanya jambo jema sana kuzifundisha kwa Kiswahili.

Boksi likiwa tayari, uwanja unaleta hesabu yake. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Aliyekaa mita 40 kutoka jukwaani anapata pungufu ya desibeli 12 kuliko aliyekaa mita 10, na kufidia pengo hilo kwa nguvu tupu kunataka amplifaya yenye wati mara 16. Hakuna jenereta ya mtaani inayovumilia mchezo huo. Basi fundi mwenye akili hatafuti wati, hupanga. Maboksi ya besi huyaweka chini, yakigusana, kwa sababu ardhi na ujirani huyaongezea nguvu bila gharama. Pembe na twita, yaani spika za sauti kali, huzipandisha juu ya vichwa, maana miili ya watu humeza sauti kali, na ndani ya sauti hizo kali ndimo zilimo herufi kama s na t zinazofanya neno lieleweke. Waimbaji huwaweka nyuma ya spika ili maiki isipige mluzi. Kisha, kabla wageni hawajajaa, huacha mitambo yake na kutembea hadi mwisho wa uwanja, kwa wauza karanga, kusikiliza kama maneno yanafika.

Saa nayo ina maneno yake. Alasiri, ardhi ikiwa imechemka, sauti hupinda kwenda juu na kupotea. Waimbaji hujiona dhaifu bila kosa lao. Jua likizama, ardhi hupoa kabla ya hewa ya juu, na sauti hupindishwa kurudi chini. Mitambo ileile, bila kuguswa, sasa inasikika ng'ambo ya mashamba. Fundi anayejua hili hupunguza besi usiku, na majirani wenye watoto wachanga wana haki ya kutarajia hivyo.

Ufundi wa aina hii umewahi kuishangaza dunia. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono Nº1 walitia umeme kwenye likembe, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwa sumaku za vipuri vya magari, wakatoa sauti kwa vipaza sauti vya pembe. Albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 ilisikika mbali sana na mitaa hiyo. Dar es Salaam, kundi la Jagwa Music la muziki wa mchiriku walipitisha kinanda kidogo cha Casio kwenye mitambo mikuukuu, na mwaka 2012 wakatoa albamu ya Bongo Hotheads. Kwao mkwaruzo wa mitambo ni sehemu ya wimbo, tena sehemu nzuri. Kwaya ya Ifakara haiwezi kuutumia mkwaruzo huo, kwa kuwa inahubiri na lazima ieleweke. Kila muziki hudai boksi lake, na mtu wa kulijenga ni yule anayeujua muziki huo tangu utotoni.

Masika hulegeza koni za karatasi na kuvimbisha mbao. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake huunguza koili, na twita hutangulia. Kwa boksi la kununua, mara nyingi huo ndio mwisho wake. La nyumbani hufunguliwa kwa bisibisi, koili ikasukwa upya kwa waya wa shaba, koni ikabandikwa. Hata safarini fundi haachani na kazi yake. Zamani vyombo vya muziki vya kwenda Lupiro au Mahenge vilivuka mto Kilombero kwa kivuko. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2018 vinapita juu kwa kirikuu, na aliyevijenga hukaa nyuma pamoja navyo, ameshika maboksi yasigongane.