Simu Ndiyo Inayohama: Jinsi Ruta Zinazogombana Zilivyofanywa Wi-Fi Moja

Mgeni yuko chumbani ghorofa ya kwanza, anaongea na kwao kwa WhatsApp. Anatoka, anapanda ngazi kwenda juu ya paa kunywa chai ya jioni. Akifika kwenye kona ya ngazi sauti inakatikakatika, kisha kimya. Simu inaonyesha mlia mmoja wa Wi-Fi, ilhali hatua tano mbele yake kuna ruta inayowaka taa zote. Akizima Wi-Fi na kuiwasha tena, mtandao unashika palepale.

Hiyo ndiyo kesi niliyoitiwa katika nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe, Unguja. Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua ruta tatu, na ya nne ilikuwa ndani ya boksi mezani. "Fundi, nguvu haitoshi," akaniambia. Nilipopita na simu yenye programu ya kupima mawimbi, niliona nguvu imezidi, tena imezidi mahali pasipohitajika.

Nyumba za Mji Mkongwe zina tabia yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kumeza mawimbi. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo kila baada ya mita tatu hivi unakutana na ukuta mwingine. Halafu katikati kuna ua ulio wazi hadi juu. Vyumbani mawimbi hayafiki. Uani yanapanda na kushuka kama moshi. Ruta zote tatu zilikuwa zimetundikwa kwenye kingo za ua, "ili zione mbali". Zikaona mbali kweli: ukiwa juu ya paa, ruta ya mapokezi bado unaisikia.

Nani anaamua kuhama?

Ukiongea kwa laini ya kawaida ndani ya daladala, unapita minara mingi bila kujua. Simu hupima mawimbi na kutoa taarifa, lakini amri ya kuhama inatoka upande wa mtandao. Wi-Fi ni kinyume chake. Tangu kiwango cha 802.11 kilipotoka mwaka 1997, uamuzi wa kuhama umebaki mikononi mwa simu. Akses pointi, yaani ruta inayorusha Wi-Fi, inaweza kushawishi, inaweza hata kukata mawasiliano, lakini haiwezi kuibeba simu na kuihamisha.

Na simu nyingi ni ving'ang'anizi. Apple wameeleza wazi kwamba iPhone huanza kutafuta pengine pale mawimbi yanaposhuka hadi dBm -70. Kadiri namba inavyosogea sifuri, ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Ikishaanza kutafuta, kama inatuma au kupokea data haihami mpaka ipate akses pointi iliyoizidi ya sasa kwa desibeli 8. Ikiwa imetulia, 12. Sasa rudi kwenye ua wetu: mgeni anapanda ngazi, ruta ya chini bado inasikika kwa dBm -65. Simu haioni sababu ya kuhama. Hatua mbili zaidi anaingia nyuma ya ukuta wa matumbawe, mawimbi yanaporomoka ghafla, na simu inaanza kutafuta ikiwa imeshachelewa.

Kazi yote iliyofuata ilikuwa ya kuifanya simu itake kuhama mapema, na ikihama isipoteze kitu.

Kwanza, nyumba moja

Kulikuwa na kosa kubwa kuliko hilo la mawimbi. Ruta ya pili ilikuwa imechomekwa waya kwenye tundu lake la intaneti, kwa hiyo ikajenga mtandao wake. Ruta ya mapokezi iligawa anwani za 192.168.1, ya pili 192.168.2, ya tatu 192.168.3. Kila moja ilikuwa na jina lake na nywila yake. Kwa simu, kupanda ngazi kulikuwa sawa na kuhama mtaa: anwani ikibadilika katikati ya mazungumzo, mazungumzo hukatika na kuunganishwa upya. Hakuna ufundi wa mawimbi unaoweza kutibu hilo.

Dawa ni ya dakika chache. Ruta ya mapokezi peke yake iliachiwa kazi ya kugawa anwani. Kwenye nyingine nikazima DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani, nikahamisha waya kutoka tundu la intaneti kwenda matundu ya kawaida, na kuzipa anwani zisizobadilika: 192.168.1.2, .3 na .4. Anwani za wageni zikaanzia .20 ili zisigongane. Jina la Wi-Fi likawa moja, nywila moja, aina ya ulinzi moja. Herufi kubwa ikizidi kwenye jina la ruta moja, simu itahesabu mitandao miwili.

Ruta ya tatu ilikuwa ikirudia mawimbi ya ruta ya pili bila waya. Kifaa cha namna hiyo hupokea na kurusha kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu kabla hata mgeni hajafungua simu. Tukavuta waya wa Cat6, unaofaa hadi mita 100. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ukuta wake hautobolewi kiholela. Tukafuata njia ya zamani ya mabomba kando ya ngazi.

Kuta zilizolaumiwa

Hatua ya pili ilikuwa kuziondoa ruta uani. Kila ghorofa ikapata yake ndani ya korido, karibu na mlango wa ngazi, ukuta ukiwa kati yake na ua. Ile ya ndani ya boksi ikaenda kwenye paa. Ukuta uliokuwa adui ukageuka mpaka: unaizuia ruta ya mapokezi isiite simu zilizo juu. Lakini mpaka mkali mno nao ni hatari, kwa sababu simu lazima iisikie akses pointi mpya kabla haijaipoteza ya zamani. Ndiyo maana nilichagua mlango wa ngazi. Ngazi ndiyo njia wanayopita watu, na hapo ndipo akses pointi mbili zinatakiwa kusikika pamoja vizuri. Kipimo nilichojiwekea ni dBm -67, kinachotumika sana kwa mitandao inayobeba sauti.

Chaneli zilikuja zenyewe. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Ya paa ikarudia 1, kwa kuwa iko mbali na mapokezi. Kwenye 5 GHz nilitumia 36, 40, 44 na 48, kila moja kwa upana wa MHz 20. Upana mkubwa zaidi ungeleta kasi kwenye matangazo ya boksi, lakini ungezifanya zigombanie hewa. Chaneli zinazopaswa kupisha rada nilizikwepa, kwa sababu simu huzichunguza polepole na ruta hulazimika kuzihama ikihisi rada.

Kisha nikashusha nguvu. Ruta hupiga kelele kuliko simu: mgeni anaisikia, yenyewe haimsikii mgeni. Nilishusha 5 GHz hadi dBm 14 na 2.4 GHz hadi 8, maana masafa ya chini husafiri mbali zaidi na simu huyang'ang'ania. Mwenye nyumba alishtuka kuona napunguza kitu alichokilipia. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huwezi kuiambia simu itoke. Unaipunguzia raha ilipo, na yenyewe inatafuta pa kwenda.

Herufi tatu za mwisho

Wafanyabiashara huuza uhamaji huu, "roaming", kwa herufi tatu: k, v na r. Zina kazi, ila zinakuja mwisho. 802.11k, ya mwaka 2008, huipa simu orodha ya majirani. Akses pointi kwa kawaida hujitangaza kila milisekunde 102.4, na kupekua chaneli zote moja moja kunakula muda. Orodha inaipeleka simu moja kwa moja kunakohusika. 802.11v, ya mwaka 2011, huiwezesha akses pointi kuishauri simu ihamie jirani fulani. Ni ushauri, na simu inaweza kuupuuza. 802.11r, ya 2008 pia, hufupisha makabidhiano ya funguo: zile jumbe nne za ulinzi wa WPA2 zinazofuata baada ya simu kujiunga huingizwa ndani ya jumbe za kujiunga zenyewe.

Ruta hizi zilikubali OpenWrt, mfumo huru wa ruta ulioanza mwaka 2004. Kifurushi cha wpad (programu inayosimamia simu zinapojiunga) kinachokuja nao kwa kawaida kina r tu kati ya hizo tatu. Kwa k na v nilikiondoa nikaweka wpad kamili. Kwa r, ruta zote zilipewa alama moja ya eneo, yenye tarakimu nne. Kwa kuwa ruta zenyewe hazijuani, niliongeza usteer, programu inayozifanya zipeane habari za majirani.

Kwa nywila ya pamoja kama hii, faida ya r ni ndogo, kwani makabidhiano ya kawaida nayo ni mafupi. Inalipa zaidi ofisini, ambako kila anayehama huulizwa upya na seva. Tena ina gharama: printa ya zamani ya mapokezi iligoma kujiunga. Nikaitengenezea jina lake la pembeni kwenye 2.4 GHz, bila r.

Ngazi ndiyo mtihani

Kipimo kilikuwa kompyuta mpakato mkononi, ikiiita ruta kuu mara tano kwa sekunde, nami napanda ngazi kwa mwendo wa mtu anayeongea na simu. Kabla ya kazi, majibu yalikuwa yakikatika kwenye kona ileile na kurudi pale tu nilipowasha Wi-Fi upya. Baada ya kazi, jibu moja au mawili yalipotea kila ghorofa, chini ya nusu sekunde, na anwani haikubadilika.

Mwenye nyumba alitaka kujua alipie nini. Nikamwandikia: swichi moja, waya, na siku mbili za fundi. Akasoma, akageuza karatasi. "Na hizo nguvu ulizopunguza, hunirudishii?"